Santuri Iliyotoka Johanesbagi

Mchukuzi mwenye gunia la kahawa alipita kwa nguvu katikati ya soko la Mbinga, watu wakatawanyika. Mmoja alirudi nyuma bila kutazama, na kiwiko chake kikaangusha rundo la kanda kwenye meza ya Kauthar.

"Samahani, dada. Nimekuharibia biashara."

"Bado. Ukizikanyaga ndiyo utakuwa umeniharibia."

Aliinama akaziokota moja moja. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi vizuri ingawa kola ilianza kuchakaa, na pindo la suruali lilikuwa na vumbi la chaki. Kwapani alibana kasha lililofungwa kwa khanga. Kauthar aliurudisha mtandio wake wa zambarau begani, akamuuliza amebeba nini.

Alikuwa Mwalimu Fulgence, wa shule ya msingi Kihagara, huko ziwani. Ndani ya kasha mlikuwa na santuri tisa ambazo marehemu baba yake alirudi nazo kutoka kwenye migodi ya Johanesbagi, mwaka wa Uhuru. Alitaka zirekodiwe kwenye kanda, kwa kuwa mama yake alikuwa na redio kaseti, na gramafoni ya mzee ilikuwa inakula betri mno.

Kauthar alitoa santuri moja ndogo, akaielekeza kwenye mwanga.

"Wewe unasoma nini hapa?" akauliza.

"Jina la mwimbaji."

"Mimi naanza chini kabisa, kwenye nchi. Ndivyo baba yangu alivyonifundisha kabla hajaniachia meza hii. Wimbo mmoja unaweza kutengenezwa nchi tatu. Kule ulikoimbwa wanachonga santuri kutoka kwenye mkanda wenyewe wa studio. Kwingine wanaletewa nakala, na nakala ya nakala, na wakati mwingine plastiki imeyeyushwa mara ya pili. Ukiweka sindano unasikia kama mtu anakaanga bisi. Hii ni ya Afrika Kusini kwenyewe. Baba yako alichagua vizuri."

"Na mimi, ukinitazama, nimetengenezwa wapi?"

"Kihagara. Nzito kidogo, lakini haikwaruzi."

Mwalimu alicheka mpaka muuza nyanya wa jirani akageuka.

Baada ya hapo kila akija mjini kufuata chaki na madaftari alipita mezani pale, na akikosa safari alipiga simu kutoka posta ya Mbamba Bay hadi dukani kwa Sadiki, jirani na meza ile, ambako walimwita Kauthar mbio.

"Umekula, mpenzi?"

"Umepiga simu kote huko kuuliza ugali?"

"Nimepiga nikusikie. Ugali ni kisingizio."

Hivyo ndivyo walivyopendana, na mtu wa kwanza kuchukia alikuwa Masoudi, kaka yake Kauthar, aliyeshirikiana naye biashara. "Anavaa rozari," alisema. "Tafuta mwingine."

Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia Mbinga kutafuta kahawa, na pamoja nao akaja mtu mmoja kutoka Dar aliyetafuta santuri. Alisema Wazungu wanazitaka, hasa zile za kwanza, zilizotengenezwa nchi ya mwimbaji. Za Nairobi alizisukuma pembeni bila hata kuzisikiliza. Siku alipofika mezani pale, Kauthar alikuwa nyumbani akimuuguza mama yake, Shamimu. Wiki iliyofuata akaitwa kwenye simu.

"Umemtuma mtu kwa mama yangu," Fulgence alisema. Hakusalimia.

"Mtu gani?"

"Alijua ziko tisa. Alijua ipi aiulizie kwanza, ile ndogo. Mama alidhani nimemtuma mimi, akampa zote. Nani mwingine anajua, Kauthar? Nilikuletea wewe tu."

"Fulgence, nisikilize."

Alikuwa amekwisha kata.

Kauthar alimkuta Masoudi akipanga redio za mitumba. Hakukana. Alikuwa amefungua daftari la dada yake, lenye orodha ya santuri zote alizowahi kurekodi na wenye nazo, akamsomea mgeni.

"Hii ni biashara huria," alisema. "Kila mtu ananunua anapopataka."

Kauthar alimwandikia Fulgence barua mbili. Hazikujibiwa. Mnunuzi alikuwa amerudi Dar, na santuri, walivyosikia, zimekwisha panda ndege. Kauthar hakulia mbele ya watu. Kanda ilibaki, lakini mzee aliyoishika ni santuri; basi alianza kutafuta santuri nyingine ya ule wimbo wa ile ndogo, kwa sababu Fulgence aliwahi kumwambia kwamba ndio ambao baba yake alimchezeshea mama yake siku aliyorudi. Alitafuta miezi minne. Akaipata Songea, kwenye baa iliyokuwa inafungwa. Aliisoma chini: Nairobi.

Akapanda lori la kuteremka ziwani.

Mama Hildegardi, mama yake Fulgence, alikuwa ameanika usipa, dagaa wa ziwani, kwenye mkeka. Kauthar alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe?"

Fulgence alitoka ndani, akasimama mlangoni. Kauthar aliomba gramafoni, wakaiweka barazani, akashusha sindano. Wimbo ulipoanza, yule mama aliacha usipa wake, akafunika uso kwa khanga.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Imerudi."

Fulgence alimtazama Kauthar, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile macho yake yalilegea. Kauthar aliona kwamba akinyamaza tu, yamekwisha. Hakuna mtu Kihagara ambaye angejua.

"Si yenyewe, mama," alisema. "Wimbo ni ule ule, lakini hii ilitengenezwa Nairobi. Sauti nzito za chini zimepotea. Ile aliyoishika baba sikuweza kuipata, na sidhani itapatikana. Aliyemwelekeza yule mtu ni kaka yangu, kutoka kwenye daftari langu. Sikulificha daftari. Hilo ndilo kosa langu."

Mama Hildegardi alijifuta macho kwa pindo la khanga. "Iache iendelee," akasema.

Fulgence alimsindikiza hadi ufukweni, walikokuwa peke yao.

"Kama ungekuwa mtu wa kunidanganya, leo ndiyo ilikuwa siku yake," alisema. "Barua zako nilizisoma. Niliona aibu kujibu, halafu aibu ikazidi. Nisamehe."

"Ulinikatia simu, Fulgence."

"Nilikukatia. Sitarudia." Aliokota jiwe, akalitupa majini. "Nataka kukuoa. Mimi msikitini siwezi, na wewe sikuombi kanisani."

Kauthar alitazama maji kwa muda mrefu. Alimfikiria Masoudi, na mama yake aliyekuwa bado mgonjwa.

"Basi bomani," alisema.

Walifunga ndoa mwezi wa kwanza, katika ofisi ya mkuu wa wilaya. Masoudi hakuja; alikuwa ametangaza kwamba yeyote wa nyumba ile atakayekwenda asirudi kwake. Ofisa aliuliza shahidi wa bibi harusi ni nani. Kwenye benchi za mbele hakuna aliyeinuka. Ndipo Shamimu, mama yake, aliyekuwa ameingia bila mtu kumwona, akaegemea ukuta akainuka.

"Ni mimi," alisema.

Hakujua kuandika. Alichovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi mpaka ofisa akamwambia inatosha.