Nanjala na Barua za Kilembe

Mwaka wa 1965, Felistus aliishi Busia, upande wa Kenya, na binti yake Nanjala. Mumewe, Osborn, alifanya kazi katika migodi ya shaba huko Kilembe, magharibi mwa Uganda. Alipoondoka, Nanjala alikuwa mdogo sana. Sasa alikuwa na miaka saba, naye alikuwa darasa la kwanza.

Kila jioni Felistus alipepeta nafaka ya wimbi uani. Nanjala alikaa kando yake na barua ya baba.

"Soma," mama alisema.

"N... a... na. M... a... m... a..." Nanjala alikwama. "Nimesahau mwanzo."

"Umesoma 'na' sasa hivi! Hii hapa tena ni nini?"

"N... a..."

Felistus alimfinya sikio. Nanjala alilia, akaiweka barua chini. Mama akaichukua na kuisoma mwenyewe, haraka haraka, kwa maana kazi ilimngoja. Nanjala alimwangalia midomo tu.

"Mama, nataka kuisoma mimi," alisema.

Neno hilo lilimchoma Felistus. Kesho yake alimwendea jirani yake, Mwalimu Aguti, aliyefundisha watoto wadogo.

"Mwalimu, huyu mtoto ana kichwa kigumu. Hata nikimfinya sikio, hasomi."

"Hapana, Mama Nanjala. Anachoka tu. Wewe ukimwona dada yako sokoni, unaanza kuchunguza pua, kisha macho, kisha masikio?"

Felistus alicheka. "Namjua mara moja."

"Basi. Kuna maneno madogo yanayorudi kila mahali: na, ya, ni, kwa, sana, hii. Mtoto akiyajua kwa kuyaona tu, nguvu zake zinabaki kwa maneno marefu."

"Na herufi aziache?"

"Asiziache. Neno jipya atalisoma kwa sauti za herufi. Lakini haya ya kila siku ayazoee kama sura za watu."

Aguti alikata boksi la sabuni vipande vidogo. Kwenye kila kipande aliandika neno moja, kwa herufi kubwa.

"Maneno matatu tu kwanza," alisema. "Mwonyeshe, msome pamoja, kisha ayatafute kwenye barua. Dakika chache kila siku. Akikosea, mwambie neno, mwendelee. Na sikio lake liache."

Jioni hiyo Felistus aliweka ungo kando. Alionyesha kipande cha kwanza.

"Hii ni 'na'. Tafuta wenzake."

Nanjala aliinamia barua, kidole kikitembea. "Huyu hapa! Na huyu! Mama, baba ameandika 'na' mara tisa!"

Walifanya hivyo kila siku. Maneno matatu yakawa sita, sita yakawa ishirini. Siku nyingine Nanjala alisahau, na Felistus aliuzuia mkono wake, akamwambia neno tena.

Mwezi wa Desemba barua mpya ilifika. Felistus aliifungua, akaona habari, uso ukabadilika. Alitaka kuikunja.

"Nipe, mama."

Alisita, kisha akampa. Nanjala alisoma polepole:

"Nanjala na mama yako. Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi sana. Krismasi hii..." Alikwama. "Si... ta... ku... ja. Sitakuja."

Felistus alimshika bega. Nanjala akaendelea, machozi yakimtiririka: "Lakini kila siku mimi na... ku... kum... nakumbuka nyumbani. Nakukumbuka, Nanjala."

Alirudia mstari wa mwisho mara mbili. Safari hii hakukwama.

"Mama, baba anaongea hivi?"

"Hivi hivi, mwanangu."

Nanjala alipangusa macho kwa mkono wa gauni lake. "Basi kaa," alisema. "Nitamsoma tena toka mwanzo."