Sketi ya Ngozi ya Bibi Selina

Sakafu ilikuwa imelowa. Germana akainama, akagusa kwa kidole, akanusa: tope la chemchemi na ngozi mbichi. Mvua Karatu haikuwa imeonekana tangu mahindi yavunwe, na bati la ukumbi wake wa sanaa halikuvuja hata siku moja. Alipoinua macho, ndani ya sanduku la kioo ukutani, sketi ya ngozi ya marehemu bibi yake ilikuwa inatikisa njuga zake polepole, na madirisha yote yamefungwa.

Akapiga deki. Angemwambia nani, na mwongo ni yeye?

Maana sketi ile haikupaswa kuwa pale. Bibi Selina, mama wa Kiiraqw wa kule Mbulumbulu, aliishona shanga kwa shanga alipokuwa mwali amefichwa ndani pamoja na wenzake, na wimbo aliofundishwa humo aliuimbia chemchemi tu, si watu. Kabla hajakata roho alimshika Germana mkono, akamwagiza aizamishe sketi ile chemchemini, kwa kuwa alikwisha kuiahidi kwa mwenyewe wa maji yale. Mwenyewe huyo Wairaqw wana jina lake. Sisi wengine tuseme jini wa maji, yatosha. Germana akaapa. Akaenda chemchemini na kapu, akarudi na kapu lilelile, sketi ingalimo, akawaambia ndugu kazi imekwisha. Jamani, tamaa! Ukumbi wake wa sanaa ulikuwa mpya. Michoro na vitabu kila mtu anavyo, lakini sketi kama ile nani anayo?

Wala hakuishia hapo. Wimbo aliudaka bibi akiunong'ona kwenye homa, akamfundisha mdogo wake Angelina, mwimbaji wa bendi ya jazi iliyowatumbuiza watalii pale ukumbini. Bartolomeo, mpulizaji wa bendi hiyo, akautilia saksafoni. Wageni wakainua simu wakarekodi, wakashangilia. Germana alilia kwa furaha siku hiyo, kwani wazazi walikwisha kufa, na wa tumbo moja hakuwa na mwingine ila Angelina.

Ndipo Angelina alipoanza kukohoa. Kilichotoka hakikuwa kohozi. Yalikuwa maji, ya baridi, yenye majani madogo ya kijani. Daktari akasema kifua ni kizima. Kila alipouimba ule wimbo maji yalizidi, na kila maji yalipozidi njuga za ukutani zilichangamka.

"Dada," akanong'ona asubuhi moja, "kuna mtu anakunywa ndani yangu."

Germana akasikia, na bado akamwambia aimbe Jumamosi, mara ya mwisho tu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi alasiri ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro, ukaingia ukumbini bila hodi, ukatambaa chini ya viti vya wageni, ukapanda jukwaani na harufu yake ya tope na ngozi, na Bartolomeo akapuliza saksafoni isitoe kitu, akapuliza tena yakatoka maji, na Angelina akafungua kinywa, na sauti iliyotoka humo ilikuwa nzito, ya zamani, inayotoka chini sana, nayo ilimwita Germana kwa jina.

"Umenivua nguo yangu mbele ya watu," ikasema taratibu. "Mimi nitakuvua cha kwako."

Angelina akaanguka. Wageni wakadhani ni sehemu ya onyesho, wakarekodi na hilo.

Germana alivunja kioo kwa mikono yake. Jioni hiyohiyo walikuwa Mbulumbulu na Bibi Emiliana, mganga aliyewahi kuwa mwali pamoja na Selina. Akachinja kondoo mweusi, akasema maneno yake, na Germana, vidole vinavuja damu, akaishusha sketi majini. Haikuelea. Ilivutwa. Hapohapo Angelina akatapika maji mengi, akavuta pumzi, akasema ana njaa, wakacheka.

Bibi Emiliana hakucheka nao. Alinawa mikono, akasema nguo imepokewa.

"Na wimbo?" akauliza. "Wimbo umewapa wangapi?"

Germana akazikumbuka zile simu zilizoinuliwa ukumbini.

Angelina akanenepa, akacheka tena, ila kuimba aliacha. Siku moja walikuwa kibarazani wakichambua maharage, gari la watalii likasimama kando ya barabara, dirisha likashushwa. Ndani ukapigwa ule wimbo, na saksafoni yake. Angelina alikuwa katikati ya kicheko. Maji yakamwagika kinywani, yakafika kwenye ungo wa maharage, macho yakamtoka.

Germana akalikimbilia gari, akapiga magoti barabarani, akamsihi dereva azime. Dereva akazima. Nyuma yake Angelina akavuta pumzi.

"Samahani, mama," akasema dereva. "Ila huu wimbo hata ukiuzima hapa, umeshaenea. Arusha nzima wanaupiga."

Akaondoa gari. Lililokuwa nyuma yake likasogea, vioo vimeshushwa, na saksafoni ikaanza.