Sare za Miaka Ijayo

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi yangu ni kufagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama. Siku hiyo nilikuta sare tatu kabatini, zote kubwa kuliko mwili wangu.

"Mama, hizi za nani?"

"Zako. Kwani utabaki mbilikimo?" Alijaribu kutania, kisha akainamia cherehani. "Nikifa, nani atakushonea?"

Dada wawili wa babu, shangazi zake mama, walikufa kwa saratani ya matiti kabla ya kuota mvi. Tangu tumzike wa pili, mama hali, halali, anashona tu. Na kwetu ugonjwa huo hautajwi. Eti ukiutaja unauita. Jamani, niliogopa! Nilimng'ang'ania mpaka akakubali twende hospitali.

Muuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani, alimuuliza mama, "Kuna mtu wa ukoo wenu aliyewahi kuugua saratani ya matiti?"

"Hakuna," mama akajibu, macho sakafuni.

"Basi hatari yako si kubwa. Nenda nyumbani, utulie."

"Na shangazi zako, mama?" nikaropoka huku nalia.

"Nyamaza wewe! Hao ni wa upande wa baba yangu."

Muuguzi akavuta kiti karibu. "Dada yangu, upande wa baba nao unahesabiwa. Waliugua wakiwa na umri gani?"

Mama akaangua kilio. "Hata hamsini hawakufika. Zamu yangu imefika, nesi. Mimi wa kuzikwa tu."

"Nani kakwambia? Sikufichi, hatari yako ni kubwa kuliko ya jirani yako. Lakini hatari si hukumu. Wapo wengi wenye ndugu waliougua, na wao hawaugui kamwe. Wewe utapimwa mapema na mara kwa mara, ili kikitokea kitu tukiwahi kingali kidogo."

Mama alipigwa picha ya eksirei ya matiti. Siku za kusubiri majibu cherehani ilinyamaza, nami sikuwa na cha kufagia. Hatimaye majibu yakaja: hakuna uvimbe.

"Mshukuru mwanao," muuguzi akamwambia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukija kwetu, sema ukweli wote, hata ule unaotisha. Bila huo tunakadiria gizani."

Tulipofika nyumbani, mama alichukua sare kubwa kuliko zote, akaanza kuifumua.

"Mbona unaiharibu?" nikauliza.

"Nitaishona upya ukifikia saizi yake," akasema, akifuta machozi. "Nitakupima mwenyewe."