Sarafu Iliyong'aa Kupita Kiasi

Kila alasiri, akitoka shule, Msasa alivua sare, akanywa maji, akaingia karakana ya familia kusugua. Alisugua pete zilizofuliwa asubuhi, vikuku vilivyoletwa kuungwa, mikufu, na kazi ikikosekana alisugua hata kitasa cha mlango. Jina lake halikuwa Msasa, bila shaka. Hakuna mzazi mwenye akili timamu anayempa mwanawe jina la karatasi ya kukwaruzia mbao. Babu yake ndiye aliyempachika jina hilo, siku alipomkuta, bado mdogo wa chekechea, ameisugua miwani yake kwa majivu mpaka haionyeshi kitu.

"Huyu si mjukuu," babu alisema huku akipapasa ukuta kuutafuta mlango. "Huyu ni msasa!"

Jina likaganda.

Babu alikuwa sonara, na sasa hakuwepo tena. Mjomba ndiye aliyekikalia kigoda chake. Nyundo zilikuwa zile zile, mvukuto ulikohoa vile vile, lakini karakana ilikuwa na ukimya ambao Msasa hakuuzoea. Zamani babu alipuliza moto huku akisimulia, na hadithi zake zilikuwa ndefu kuliko mikufu yake. Kazi ikiisha alitoa kitambaa cha buluu, akafungua fundo, akamwekea Msasa kiganjani sarafu ya fedha. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya jiko la kuni, ina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili.

"Mteja aliniletea gunia la fedha kuukuu niiyeyushe," babu alizoea kusema. "Vipande vyote nikavitia motoni. Nilipofika kwa hii, mkono ukagoma."

"Ya nani, babu?"

"Ya mtawala fulani wa zama za masultani. Maandishi yamebanana, yananishinda. Shika vizuri, usije ukamwangusha mheshimiwa."

Babu alipofariki, bibi alilifunga fundo, akaitia sarafu sandukuni, akatangaza kwamba asiiguse mtu. Mjomba hakuona maana yake.

"Mama, hiyo ni ya kughushi," alisema kila mara. "Baba aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Nipe niiyeyushe, nina oda ya hereni."

Bibi alichoka kusikia wimbo huo. Akamwita mtaalamu wa sarafu kutoka makumbusho. Akakubaliana na mjomba: mtaalamu akisema ni ya kughushi, iingie motoni; akisema ni ya kweli, mjomba afunge mdomo.

"Kufunga mdomo ndiyo adhabu kubwa zaidi," mjomba akasema, lakini akakubali.

Habari hizo zikamfikia Msasa. Sarafu ile ndiyo iliyokuwa imebaki kwake kama sauti ya babu. Ikiyeyushwa, babu atakuwa ameondoka mara ya pili. Akawaza afanye nini ili imfurahishe mtaalamu, na jibu lilikuja mbio, kwa kuwa karakana ile ilikuwa na sheria moja: mgeni haonyeshwi kitu kisichong'aa. Babu mwenyewe aliwahi kumrudisha mjomba mara tatu kwa ajili ya pete yenye ukungu.

Basi bibi alipokwenda kumwangalia jirani mgonjwa, Msasa akafungua sanduku. Akaleta ndimu. Akaleta majivu. Akaleta brashi. Akasugua mpaka vidole vikamuuma, na weusi wote ukaondoka. Sarafu iling'aa kama jino jipya. Akaifunga fundo lile lile na kujipongeza kimoyomoyo.

Mtaalamu alifika kesho yake alasiri, mama mnene mchangamfu mwenye lenzi ndogo iliyoning'inia shingoni kama filimbi ya refa. Msasa akamwamkia, akaitikiwa, chai ikaletwa. Bibi akafungua kitambaa.

Akaikodolea macho sarafu.

"Mbona imekuwa hivi?"

"Labda baba karudi kuing'arisha," mjomba akatania.

Msasa alitaka kusema. Kisha akakumbuka "asiiguse mtu", akauona uso wa bibi, akajishughulisha na kupanga vikombe. Akajiambia kwamba hajadanganya, maana hakuna aliyemuuliza yeye.

Mtaalamu aliigeuza sarafu, akaipima kwenye mizani yake ndogo, akaitazama kwa lenzi. Uchangamfu ukampungua.

"Mama, sitaki kukufurahisha kwa uongo. Fedha iliyoishi mamia ya miaka huvaa ngozi nyeusi. Hii ni kana kwamba imetoka kiwandani juzi. Za kughushi ninazoletewa nyingi zinang'aa hivi hivi. Pole sana."

"Nilisema mimi! Kumbe weusi ule ulikuwa rangi ya kupaka tu, imepukutika," mjomba akanena, ingawa sauti yake haikuwa na ushindi aliouzoea. Akauvuta mvukuto. Makaa yakawa mekundu.

Bibi akainamisha kichwa. "Basi mume wangu alijidanganya," akasema polepole. "Miaka yote ile."

Maneno hayo yalimchoma Msasa kuliko makaa. Babu hakujidanganya! Mjomba tayari alikuwa ameibana sarafu kwa koleo.

"Ni mimi!" Msasa akapiga kelele. "Mjomba, ngoja! Ilikuwa nyeusi, nyeusi tititi! Jana mimi ndiye niliyeisugua!"

Koleo likasimama juu ya moto.

"Uliisugua kwa nini?" mtaalamu akauliza.

"Nilitaka babu asiaibike mbele ya mgeni."

"Nauliza uliisugua kwa kitu gani, mwanangu?"

"Ndimu. Na majivu. Na brashi."

"Ole wangu! Na tindikali je?"

"Ilikuwa imefungiwa kabatini," Msasa akajibu kwa unyonge, na mjomba akalazimika kukohoa ili asicheke.

Mtaalamu aliichukua sarafu, akaenda nayo dirishani. Safari hii hakuutazama uso wake. Alichungulia pembeni mwa kila herufi, kwenye vifereji ambavyo brashi haikufika. Akakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

"Ipo," akasema hatimaye. "Ngozi ya kale ipo huku chini. Kumbe ni ya kweli! Na hapa... ngoja... panasomeka *malika*. Malkia! Na hapa, binti wa sultani."

"Malkia?" mjomba akauliza. "Si baba alisema ni mheshimiwa sultani?"

"Ni sultani mwanamke. Razia wa Delhi, kule India. Baba yake alikuwa na watoto wa kiume, lakini alimwona binti ndiye anayefaa kutawala. Alikaa madarakani miaka michache tu, ndiyo maana sarafu zake ni adimu." Akamgeukia Msasa. "Sitakuficha: umeipunguzia thamani. Ngozi uliyoiondoa jana, mimi na wewe hatutaishi kuiona ikirudi."

Machozi yakamtoka Msasa. Mjomba akaipokea sarafu, akaiweka kitambaani kwa mikono miwili, kisha, kwa kuheshimu mapatano, akafunga mdomo.

Bibi akamvuta mjukuu wake karibu.

"Kusugua ulisugua kwa mapenzi. Hilo nitakugombeza kesho, nikishapata nguvu. Lakini nilipouliza mbona imekuwa hivi, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, bibi. Nilinyamaza tu. Sikusema uongo."

"Uongo si lazima usemwe, mjukuu wangu. Mwingine hukaa kimya kwenye kona, watu wanaamua mambo huku wewe umeufungia ukweli kinywani. Kosa uliloliungama limetuachia malkia mwenye mikwaruzo. Ungelificha kwa dakika moja zaidi, leo tungemyeyusha na kumtundika kwenye masikio ya watu."