Mpini Mtupu

Siku Dominiko alipoondoka, Magdalena alikuwa ameketi barazani akipukuchua njegere za soko la Alhamisi. Ukungu ulikuwa umeifunika Nyandira yote, kama ilivyo kawaida ya mwezi wa Mei. Mume wake alitoka ndani na mkoba mgongoni na kisu kipya kiunoni.

"Mama Esther, hebu tazama."

Magdalena alikitazama. Kilikuwa kisu kirefu, cheusi, chenye meno ya msumeno mgongoni. Mpini wake ulikuwa wa mviringo kama bomba. Dominiko alizungusha kifuniko cha mpini. Ndani mlikuwa na njiti za kiberiti, uzi na ndoana. Juu ya kifuniko kulikuwa na dira ndogo.

"Hicho ni kisu au redio?" Magdalena aliuliza.

"Cheka tu. Nimekinunua Msamvu, kwa mchuuzi wa stendi. Wageni wakikiona, watajua wamepata kiongozi."

"Na huo msumeno? Unakwenda kujenga?"

"Nikijenga nitaanza na hilo jiko lako linalovuja."

Magdalena alicheka. Kisha akauliza, "Na kile cha zamani, cha mhunzi Anselmi?"

"Kimechoka. Sijui kimepatwa na nini. Nakinoa asubuhi, mchana hakikati hata kitunguu."

Magdalena aliinamia njegere zake.

Dominiko alikuwa kiongozi na mpishi wa wageni wanaopanda kupiga kambi Lukwangule, kule juu kwenye majani na baridi. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na sita. "Jumamosi mchana nipo nyumbani," alisema. Akashika njia ya juu.

Aliletwa Ijumaa, juu ya machela ya mianzi.

Tomasi, mpagazi wake, ndiye aliyeeleza. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Tulikuwa na wageni wawili, shemeji. Mmoja aliteguka mguu. Dominiko akaniambia nitangulie na yule mwingine nikapige hema. Hema lilikuwa mgongoni kwangu. Panga pia. Mvua ikashuka, ukungu ukafunga. Sikuweza kuwarudia mpaka kulipokucha."

Mengine aliyasema yule mgeni aliyebaki na Dominiko. Walijikinga chini ya mti, wameloa mpaka ndani. Kulikuwa na gogo lililoanguka. Juu lilikuwa bichi kwa mvua, lakini Dominiko alijua kwamba moyo wa gogo huwa mkavu. Alibandua kipande, akaweka kisu juu yake, akapiga mgongo wa kisu kwa rungu. Pigo la pili, chuma kilichomoka kwenye mpini kikapotelea kwenye magugu. Alifungua mpini atoe njiti. Zilikuwa zimelowa. Basi akavua koti lake akamvika mgeni.

Mgeni alipona.

Tomasi aliacha mpini ule mezani. Ndani yake uzi na ndoana vilikuwepo bado.

*

Matanga yalipoanuliwa, ukoo wa Dominiko ulikaa. Walimchagua Frank, mtoto wa dada yake, arithi jina la mjomba wake. Frank alikuwa na miaka ishirini na saba, na alikuwa amebeba mizigo ya wageni misimu mitatu. Wazee walimwambia Magdalena, "Kuanzia leo huyu ndiye Dominiko. Umwite hivyo."

Magdalena aliitikia kwa kichwa. Jina halikutoka mdomoni.

Wiki ile ile Frank alikuja kumwambia kwamba amepata wageni wa kupandisha mwezi ujao.

"Utakwenda na kisu gani?" Magdalena aliuliza.

"Nitanunua Msamvu, mama. Vipo vizuri, vina dira."

Magdalena aliinuka, akaenda ndani. Alirudi na mpini mtupu, akamwekea mapajani. Frank aliutazama.

"Kesho tunashuka mjini," Magdalena alisema. "Siziki mwingine kwa sababu ya kisu."

Usiku hakulala vizuri. Kabla ya kutoka alfajiri, alikitoa kile kisu cha zamani chini ya kitanda. Alikifunga kwa kanga, akakitia kwenye kikapu.

*

Mwanaheri alikuwa na kibanda cha zana sokoni Morogoro. Baba yake alikuwa mhunzi, na yeye mwenyewe alikuwa akinoa mapanga tangu usichana. Watu walimpenda na walimwogopa kidogo kwa sababu ya ulimi wake.

"Shikamoo mama," Frank alisema.

"Marahaba. Unataka kisu cha kuchinjia au cha kuringia?"

"Cha kambini."

Magdalena alimpa ule mpini. Mwanaheri alichungulia ndani, akaacha utani. Aliangalia kanga nyeusi ya Magdalena. "Pole sana, dada. Ni wa nani?"

"Wa mume wangu."

Mwanaheri alimvutia kigoda, akamwonyesha Frank mpini.

"Tia kidole. Unaona chuma kilikoishia? Hakikufika hata urefu wa kidole gumba. Kilishikwa kwa skrubu moja na gundi. Walitaka nafasi ya njiti, wakaondoa nafasi ya chuma. Na hiki kifuniko hakina mpira wa kuzuia maji. Haya, jina la mtengenezaji liko wapi?"

Frank aliugeuza mpini. "Halipo."

"Halipo. Sasa ungemlalamikia nani?"

Mwanaheri alitoa visu viwili akaviweka juu ya gunia.

"Hiki ni cha kiwanda. Mpini wa plastiki, hauna urembo. Mtengenezaji ameandika jina lake, na chuma kinaingia mpaka karibu na mwisho wa mpini. Hakishiki kutu upesi. Kwa kukata kamba, nyama, mboga, ni kizuri. Lakini ni chembamba. Gogo usikipe. Hiki cha pili ni cha Anselmi, mhunzi wa Kikeo. Amekifua kwa springi ya gari. Mgongo mnene. Mkia wake, hiki chuma kinachoingia mpinini, unapita mpini wote na umekunjwa huku mwisho. Kitakupasulia kuni. Ila kinapenda kutu, kama wanaume wanavyopenda kusifiwa. Ukirudi kutoka kambini, kifute, ukipake mafuta ya kula."

"Kwa hiyo nichukue cha Anselmi?"

"Usinisikilize mimi, isikilize tupa hii ya kunolea. Hata mhunzi mzuri huharibikiwa siku moja moja." Alichukua tupa, akaipitisha taratibu kwenye makali ya kisu cha Anselmi. Tupa iliteleza kama juu ya kioo. "Ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikiuma na kutoa unga, chuma ni laini, hakitashika makali. Halafu, kabla hujapanda mlima, kakipasulie kuni nyumbani kwako. Kama ni cha kuvunjika, kivunjikie uani."

Magdalena alifungua kanga yake. "Na hiki?"

Mwanaheri aliona vitone vitatu karibu na mpini. "Alama ya Anselmi hii. Kazi yake ya siku nyingi." Akapitisha tupa. Tupa iliuma. Unga wa chuma ulimwagika kwenye gunia. Mwanaheri alikunja uso. "Kisu hiki kimeingia motoni. Nani amekichoma?"

"Labda mjomba," Frank alisema.

"Ni mimi."

Wote wawili walimtazama. Magdalena alisema huku ameshika kikapu kwa mikono miwili.

"Mpini ulipasuka wakati wa Kwaresima. Nilitaka akute umetengenezwa. Nilikitia chote kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, nikachomekea mpini mpya. Mundu tunafanya hivyo hivyo. Kikapoa, nikakisugua kwa majivu kikang'aa. Halafu kikaanza kukataa kukata. Nikajua ni mimi. Sikumwambia. Niliona aibu. Yeye akaenda Msamvu."

Mwanaheri aliiweka tupa chini. "Chuma hupewa ugumu kwa moto na mafuta, kwa kipimo cha mhunzi. Kikirudi motoni kikawa chekundu, kisha kikapoa chenyewe, ugumu unaondoka. Kwa macho hutauona. Ukitaka kuchomeka mpini, unapasha mkia peke yake, na ubapa unaufunga kwa kitambaa kilichoroweshwa maji. Wengi hawajui, dada."

"Na kikishaharibika hivi?"

Mwanaheri aligeuka kuvirudisha visu vyake mahali pake.

"Niambie."

"Anselmi anakirudishia ugumu wake. Ni kazi ya asubuhi moja."

Magdalena alikitazama kisu. Asubuhi moja. Kutoka Nyandira hadi Kikeo ni mwendo mfupi wa miguu.

"Mjomba hakukuuliza?" Frank alisema baadaye.

"Aliuliza kisu kimepatwa na nini. Nikainamia njegere."

Frank alichukua kile kisu, akakifunga tena kwenye kanga.

"Tukipeleke kwa Anselmi, mama."

*

Anselmi alikipasha moto, akakizamisha kwenye mafuta, akakipasha tena kidogo ili kisiwe chepesi kuvunjika. Akakitia mpini wa mti mgumu. Kabla ya saa sita kazi ilikuwa imekwisha. Tupa iliteleza.

Uani kwa Magdalena, Frank aliweka kisu juu ya kipande cha mkaratusi, akapiga mgongo wake kwa rungu. Kuni ikapasuka. Akapiga nyingine, ikapasuka. Magdalena alihesabu mpaka ya tano, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Sasa Frank hupanda Lukwangule mara mbili au tatu kila mwezi wageni wakiwepo. Njiti huzifunga kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza. Panga halitangulii peke yake, na anayebaki nyuma hubaki na turubai. Anaporudi, hupita kwanza kwa Magdalena, hukifuta kisu na kukipaka mafuta mbele yake. Wazee wa ukoo wanamwita Dominiko. Magdalena bado anamwita Frank.