Ng'ombe Mweupe wa Mama Luka

Kila Jumamosi, Mbuke akishamaliza kuteka maji, alikwenda Mhunze kumsaidia shangazi yake Rhoda. Shangazi alikuwa ametengeneza mfumo kwa Java, lugha ya kompyuta, wa kutunza picha za ng'ombe wa wafugaji. Ng'ombe akipotea, picha yake hupakuliwa, na alama zake zikaonekana.

Mbuke alipiga picha kwa simu na kuzipakia kwenye mfumo.

"Kila picha ipe jina la namba ya herini iliyo sikioni mwa ng'ombe," shangazi alimwagiza. "Ukishapakia zote, zipakue uzitazame. Ndipo uzifute kwenye simu."

Namba za herini zilikuwa ndefu, na Mbuke alikuwa mvivu, tuseme ukweli. Kwao ng'ombe huitwa kwa rangi yake, basi naye akaandika tu "mweupe", "mweusi", "madoa". Shangazi alipouliza, "Umehakiki?" alijibu, "Ndiyo, shangazi," macho makavu, kisha akafuta picha zote apate nafasi ya gemu.

Mwezi mmoja baadaye, Mama Luka, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu wa maziwa, alimkuta ng'ombe wake aliyepotea katika zizi la mfugaji jirani, Cornel. Herini ilikuwa imenyofoka kwenye miiba, na Cornel akashikilia kuwa ni wake. Shauri likafika ofisi ya kijiji. Shangazi na Mbuke wakaitwa waje na kompyuta yao.

"Shikamoo, mtendaji," Mbuke alimsalimu ofisa wa kijiji.

"Marahaba. Haya, tuonyesheni."

Shangazi akafungua jina la Mama Luka kwenye mfumo, akapakua picha ya ng'ombe wake. Ng'ombe mweupe, ndiyo, lakini mwenye pembe mbili nzima. Aliyefungwa pale nje alikuwa na pembe moja iliyovunjika.

"Si nilisema?" Cornel akapaza sauti. "Mama huyu mwongo. Anataka ng'ombe wa watu!"

Watu wakaguna. Mama Luka akajifunika uso kwa khanga.

Mbuke akaitazama picha ile, akakumbuka. Alikuwa amepakia ng'ombe mweupe mwingine kwa jina lile lile, na picha ya pili ikaifuta ya kwanza. Angenyamaza, nani angejua?

"Mwongo si yeye," Mbuke alisema. "Ni mimi." Akaeleza yote.

Mtendaji akaagiza ndama wa Mama Luka aletwe. Ng'ombe alipomwona akalia, na ndama akaenda moja kwa moja kunyonya.

"Nisamehe, mayu, mama yangu," Cornel alisema.

Mama Luka alifungua kamba akaondoka na ng'ombe wake, na wale walioguna wakampisha njia.

Nyumbani, shangazi alikaa mbele ya kompyuta bila kuiwasha.

"Nami nina kosa," alisema. "Niliuacha mfumo ukubali jina moja mara mbili. Leo nitaurekebisha ulikatae."

"Nitawapiga picha upya ng'ombe wote, shangazi," Mbuke alisema akilia.

"Utawapiga, na utakwenda kwa miguu. Picha zitapatikana, mwanangu. Lakini mama wa watu ameitwa mwongo mbele ya kijiji kizima, kwa sababu ulisema 'ndiyo' isiyo ya kweli. Hilo halifutiki. Uvivu wako ungekuponza wewe. Uongo wako umemponza mwenzako."

Mbuke akafuta machozi, akaichukua simu.

"Kesho anzia kwake," shangazi alisema. "Na kabla hujaitoa simu, omba radhi."