Taa za Sikukuu na Cherehani ya Mama

Mshonaji alikuwa amechoka, acha tu. Sikukuu ilikaribia, na nguo za wateja zilijaa kitandani mpaka pa kulala hapakuonekana. Mguu ulikufa ganzi kwa kukanyaga pedeli ya cherehani ya umeme.

Mumewe alikuwa juu ya paa. Mtaa mzima ulimwita Mbwembwe, na jina hakulikataa. Alizungusha taa za rangi kwenye mlingoti wa antena, akashuka, akapitisha waya dirishani, akauchomeka kwenye ekstensheni ya cherehani. Plagi akaifunga kwa utepe, watoto wasije wakaichomoa.

"Mke wangu, mwaka huu majirani watatukoma!"

"Mimi nimeshakoma," alijibu bila kuinua kichwa.

Alasiri wingu jeusi lilitanda. Ghafla radi ikapiga karibu. Mbwembwe alizima swichi, kisha akaikimbilia plagi. Mkewe akamkamata shati.

"Usiguse!"

"Cherehani itaungua! Tutakula nini?"

"Cherehani inauzwa dukani. Wewe unauzwa duka gani?"

Wakakimbilia chumba cha watoto. Radi ikapiga tena, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa nyumba. Mshonaji aliketi sakafuni akalia.

Kesho yake jirani yao, fundi umeme, aliifungua cherehani.

"Pole, dada. Mota imekwisha."

"Lakini nilizima swichi!" alisema Mbwembwe.

"Shemeji, radi imeruka kutoka mawinguni, itashindwa na swichi? Chomoa plagi kabisa, wingu likianza kutanda. Ukishasikia ngurumo, umechelewa. Usiguse waya, kaeni ndani, mbali na madirisha. Ngurumo ya mwisho ikipita, subirini nusu saa."

"Na kile kifaa kinachouzwa cha kulinda vyombo vya umeme?"

"Kinasaidia radi ikipiga mbali. Ikipiga hapa, nacho kinaungua. Halafu mlingoti wako ni wa chuma, na ndio mrefu kuliko vyote hapa. Umeialika radi, ukaifungulia na mlango! Taa zishushe barazani. Zipe soketi yake, mahali mkono unafika."

Mbwembwe alipanda paani kuzishusha taa. Mkewe alimaliza nguo za wateja kwa cherehani ya mkono ya wifi yake, mabega yakiwaka moto. Mota mpya ilipatikana baada ya miezi ya kujinyima.

Sikukuu iliyofuata, taa ziliwaka barazani, chini ya paa. Siku moja wingu likaanza kutanda. Kabla ya ngurumo yoyote, Mbwembwe alichomoa plagi ya taa, akachomoa na ya cherehani.

"Jamani! Nina magauni mawili hapa!"

"Yatasubiri. Lala, mama watoto. Vifungo nitashona mimi."

Alijilaza juu ya lundo la nguo, na usingizi ukamchukua palepale. Radi ilipiga, mvua ikanyesha, hakusikia hata moja.

Alipoamka, mbingu ilikuwa imetulia, plagi zote zimeshachomekwa tena na taa zinawaka. Mumewe alikuwa bado anahangaika na kifungo cha pili. Mshonaji alikanyaga pedeli kwa woga. Cherehani ikanguruma.

"Nipe hivyo vifungo," alisema akicheka. "Umevishona nyuma mbele."